Mtungi Unaokunywa Maji

Wiki iliyopita, sokoni, mama mmoja muuza vyungu alimimina maji ndani ya mtungi mpya ili nione kwamba hauna ufa. Udongo ukabadilika rangi polepole, kisha harufu ikapanda. Wenye umri wangu mnaijua harufu ya udongo uliochomwa unapopata maji kwa mara ya kwanza, ile inayomfanya mtu atamani kuulamba. Yule mama alikuwa bado anausifu mtungi wake, lakini mimi nilikuwa simsikii tena. Nilikuwa nimerudi Kalemie, kwenye nyumba yetu ya kilimani, nimepiga magoti katika bustani ya Mama na kutega sikio juu ya mdomo wa mtungi, nasikiliza kama kuna mtu anapumua mle ndani.

Niseme mapema kwamba sikuwa mtoto mjinga. Nilikuwa mtoto wa kuunganisha mambo. Watu wazima wa enzi zile walitudondoshea vipande tu vya habari, vingine kwa bahati mbaya, nasi tukaviunga wenyewe jikoni na njiani kwenda shule. Wanasema kuuliza si ujinga. Kwetu kuuliza kulikuwa ukosefu wa adabu.

Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipokuwa tunaimba asubuhi mbele ya bendera ya kijani kabla ya kuingia darasani. Papa alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumba yetu ilikaa juu kabisa, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni analiona ziwa lote, na siku za hewa safi anaiona hata milima ya ng'ambo, upande wa Kigoma. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanzia. Chini yetu kulikuwa na maji ambayo mwisho wake hauonekani, na juu, nyumbani, nilizabwa kofi kwa kumwaga kikombe kimoja. Robine ya mtaa, yaani bomba, ilikuwa inatoa maji inapotaka yenyewe, na kiangazi ilikuwa haitaki. Maji yote tuliyotumia yalipanda kilima kichwani mwa Mama, ndani ya baseni, yakiwa na jani la mgomba juu yake ili yasirukeruke.

"Weye unazani maji inapanda kilima na miguu yake?" Mama aliniuliza kila niliponawa kwa fujo. Nilifikiri ni swali la kweli, na kwa muda mrefu nililitafutia jibu.

Kwa hiyo nyumbani hakuna tone lililopotea. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye nyanya. Maji ya kuoshea ndagala, dagaa wa ziwani, yalimwagwa kwenye shina la mlimau, na mlimau ule ulizaa kwa hasira. Sisi watoto hatukuoga bafuni. Tulioga tumesimama katikati ya migomba, ili maji yakitoka mwilini yaende moja kwa moja mizizini, na ukikosea ukasogea pembeni uliitwa mwizi. Matuta ya kiangazi Mama hakuyainua. Aliyachimba chini, kama sahani, na kuyafunika nyasi kavu ili jua lisinywe kabla ya mboga. Humo alipanda lengalenga, ndio mchicha wetu, nyanya, vitunguu na matembele. Bustani ile ndiyo iliyotulisha, na Mama aliipenda kuliko nguo zake zote, hata kile kitenge cha Pasaka.

Mwaka ninaousimulia, tumbo la Mama lilikuwa kubwa. Niliambiwa nitapata mdogo wangu. Nilijiandaa vizuri. Nilitenga nusu ya mkeka wangu, nikaanza kulala upande mmoja ili nizoee. Kiangazi kilipoanza, Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake Mama, alikuja kwa boti kutoka Mpala ili amsaidie Mama wakati wa kujifungua. Alikuja na samaki wakavu, na mitungi mitatu aliyoifinyanga mwenyewe, imefungwa kwa nyasi kama mayai. Alikuwa mfupi, mkali, na sauti yake ilifika kabla yake.

Siku moja Mama alikwenda maternite, hospitali ya kujifungulia, akasindikizwa na Nkambo na jirani yetu Mama Odeta. Nilikaa mlangoni nikisubiri mdogo wangu. Nkambo alirudi kwanza, mikono mitupu, na udongo kwenye ncha ya kitenge chake. Mama alirudi baadaye, akitembea taratibu kando ya Papa. Tumbo halikuwapo. Mtoto hakuwapo. Alipita mlangoni, akanigusa kichwa, akaenda kulala.

Nikasubiri waseme. Hawakusema. Wanawake wa mtaa walikuja, wakakaa kidogo chini, wakazungumza juu ya bei ya chumvi, wakaondoka. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimeshaona matanga. Babu wa jirani alipokufa watu walilia mpaka mbwa wakakimbia. Sasa hapa hakuna kilio, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Lakini hakuna mtoto pia. Basi ni nini?

"Nkambo, mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani?"

"Ile ya mu tumbo ya Mama."

Alinishika mdomo kwa vidole viwili, kama anayefunga mfuko. "Ile haisemwi. Hata kwa Mama yako, hata kwa Papa yako. Ukiisema, unafunga njia kwa wengine wenye watakuja. Umesikia?"

Nilisikia. Sikuelewa, lakini nilisikia. Nikaufunga mdomo, nikaendelea kulala upande mmoja wa mkeka.

Kipande kilichofuata nilikipata chini ya baraza. Nilikuwa nachambua maharage upande wa nyuma, na juu yangu Nkambo na Mama Odeta walikuwa wanakunywa chai. Mama Odeta aliuliza mambo ya zamani ya kule Mpala, na Nkambo, ambaye alipenda kuulizwa ya zamani kuliko ya sasa, akajibu kwa kirefu. Alisema kwamba zamani mtoto mchanga akienda bila jina hakupelekwa makaburini na wanaume. Kazi ile ilikuwa ya wanawake peke yao. Walimlaza ndani ya mtungi mpya, wakauweka kwenye udongo wa baridi, mahali penye maji, maana akizikwa pakavu tumbo la mama yake nalo litakauka. "Na hakuna kulia," alisema. "Unalilia nini muntu mwenye hajafika?"

Sikusikia mengine. Maharage yalinidondoka, nikayaokota yote kwa sababu kupoteza chakula ni kosa jingine.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule, nikawakuta Mama na Nkambo bustanini. Mama alikuwa bado dhaifu, amekaa chini, miguu ameinyoosha. Nkambo alikuwa amechimba shimo kati ya nyanya na lengalenga. Wakauchukua mmoja wa ile mitungi mipya, wakaushusha ndani ya shimo kwa mikono minne, polepole, mpaka ukabaki mdomo tu juu ya ardhi. Wakarudisha udongo pembeni. Mama aliushindilia kwa viganja, kidogo kidogo, na alipomaliza hakuondoa mikono. Alibaki ameiweka pale. Kisha Nkambo akafunika mdomo wa mtungi kwa jiwe bapa.

Nilisimama nyuma ya migomba nikiwa na begi langu la shule mgongoni. Mtungi mpya, udongo wa baridi, wanawake peke yao, hakuna kulia. Kila kitu kilikuwa sawasawa na nilivyosikia. Niliogopa kidogo, kisha, niseme ukweli, nilifurahi. Mdogo wangu alikuwa amefika nyumbani. Hakuwa mkekani, alikuwa bustanini, lakini alikuwa kwetu.

Jioni Nkambo aliniita, akanipa kazi. "Kila siku, jua ikiisha kupita nyuma ya kilima, unatoa jiwe, unajaza maji mpaka shingo, unarudisha jiwe. Usisahau. Ikikosa maji, inakufa."

Alimaanisha mche wa nyanya. Aliuonyesha kabisa kwa kidole, nadhani. Lakini mimi nilikuwa natazama jiwe.

Basi nikawa mlezi. Kila jioni nilitoa jiwe na kukuta maji yamepungua. Jana yalikuwa shingoni, leo yako tumboni. Mtungi haukuwa na ufa, Nkambo mwenyewe alijivunia hilo mbele ya wageni. Sasa nani anakunywa? Ushahidi gani tena mlitaka niwe nao? Nilimimina polepole ili nisimshtue. Nilimweleza habari za shule, na jinsi mwalimu alivyoanguka na kiti. Nilimwambia avumilie. Sikujua kama ni kaka au dada, kwa hiyo nilimwita Mudogo tu, jina linalomfaa yeyote. Na wakati mwingine, mchana, nilimwona Mama amekaa pale pale kando ya jiwe, amenipa mgongo, kitenge kimefunika uso. Nilijua amekuja kumwangalia mtoto. Nilipita mbali kwa heshima.

Mambo yaliharibika walipozika mtungi wa pili, upande wa vitunguu, na kesho yake wa tatu, kwenye matembele. Nilishika kichwa. Kwani Mama alizaa wangapi? Tumbo lilikuwa kubwa, ndiyo, lakini watatu? Na wakizika wa nne, nani atawaamini? Nilimchunguza Mama kwa jicho la pembeni mpaka akaniuliza kama nina homa. Mwishowe nikapata jibu lililonituliza: ile mingine miwili ilikuwa ya kudanganyia watu, ili wapitao wasijue ni upi. Niliona Nkambo ana akili kweli.

Ila kula kulinishinda. Nyanya zilizozunguka ule mtungi wa kwanza zilivimba, zikawa nyekundu kuliko za jirani yeyote, na lengalenga lilikuwa bichi kana kwamba kiangazi hakijafika. Majirani walisimama kwenye uzio na kuuliza dawa ni nini. Nkambo aliwafundisha wote. Mtungi usiwe umepikiwa, maana mafuta yanaziba vitundu vya udongo na maji hayatoki tena. Ujazwe maji na kuachwa kivulini, na ukitoka jasho kwa nje unafaa bustani, usipotoka jasho ni wa jikoni. Mizizi itaufuata yenyewe na kuukumbatia. Alisema hivyo hivyo, kuukumbatia, nami nikaona mizizi imemshika mdogo wangu. Jioni ile lengalenga liliwekwa mbele yangu pamoja na bukari, ugali wetu. Nilikula bukari kavu.

"Huyu anataka nyama kila siku," Papa alisema, akacheka. "Mutoto wa mukubwa wa gare, wa stesheni nzima!"

"Lengalenga iko tamu," Mama alisema. "Feza, kula."

Nilimtazama Mama usoni, nikitafuta kama anajua anachokula. Alikula. Alikula vizuri, akachovya tena. Hapo nilipotea kabisa. Hadi leo, nikiulizwa ni lini katika maisha yangu nilikuwa mbali na watu nikiwa nao sahani moja, nataja jioni ile.

Kiangazi kikaendelea kuliko kawaida. Upepo wa ziwa ulileta vumbi tu. Robine ya mtaa ikanyamaza moja kwa moja, watu wakasema pampu imekufa, na kifo hicho kilitangazwa na kila mtu bila woga. Mama alikuwa amekatazwa kubeba mizigo, Nkambo magoti yalimsumbua, na Papa alibeba bidoni la maji akitoka kazini, akifika amelowa jasho na hasira. Pipa letu la maji lilitoboka kwa kutu. Tulipimiwa maji ya kunywa. Kikombe changu nilikinywa nusu, nusu nyingine nikaipeleka bustanini nikiwa nimekificha kikombe chini ya sketi. Midomo ilinipasuka. Nilijua mimi ninaweza kuomba maji kwa majirani, na aliye chini ya jiwe hawezi kuomba kwa yeyote.

Jumamosi moja, asubuhi, Papa alitoka nje na jembe.

"Bustani ipumuzike," alimwambia Mama. "Tutatoa hii mitungi, tuweke mu nyumba ya maji ya kunywa. Tutakunywa mu nini? Mu kofia yangu?"

Mama alikuwa ameketi kizingitini anachagua mchele. "Ngoja nyanya iishe kukomaa," alisema.

"Nyanya tutapata ingine. Koo haingoje."

Akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa kwanza. Aliondoa jiwe kwa mguu. Kwa mguu! Akainua jembe, na mimi sikumbuki nilivyofika. Ninakumbuka tumbo langu likiwa juu ya mdomo wa mtungi, na nyanya zikipasuka chini ya magoti yangu, na jembe limesimama hewani.

"Utamuumiza!" nilipiga kelele. "Papa, acha! Mudogo iko ndani! Utamuumiza!"

"Nani iko ndani?"

"Mutoto! Mutoto ya Mama! Mulimuweka humu, miye niliona! Ninamupa maji kila siku, anakunywa, Papa, anakunywa yote!"

Jembe likashuka taratibu mpaka likalala chini. Mchele ulimwagika kizingitini, nikausikia, na hakuna aliyegombeza. Nkambo alitoka ndani kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa nayo. Alikuwa anatingisha kidole. Nilikuwa nimesema lile lisilosemwa, kwa sauti ya mtaa mzima, mchana kweupe, tena mbele ya mwanaume.

"Nyamaza! Nyamaza haraka, unaharibu tumbo ya Mama yako!"

"Nkambo, muache," Mama alisema.

Alikuja akanichutamia. Hakuwa na hasira. Alinisogeza kidogo pembeni, akaushika mkono wangu na kuuingiza ndani ya mtungi, mpaka begani. Nilifumba macho. Nilitarajia nywele, au kidole, au sijui nini. Nilikuta maji. Nilipapasa kuta zinazoteleza, baridi, nikafika chini kwenye tope kidogo, nikazunguka kote. Hapakuwa na mtu.

"Hii njo mutungi ya maji tu," Mama alisema. "Udongo unakunywa, nyanya inakunywa. Ni vile."

Mtu angedhani nilifarijika. Sikufarijika. Ndani ya mtungi ule nilikuwa nimemwacha salama kila jioni, na sasa walikuwa wamenionyesha kwamba hayumo. Mkono wangu ulikuwa unachuruzika maji mazuri ya kunywa, yanadondoka ardhini bure.

"Basi iko wapi?" niliuliza.

Mama alimgeukia Papa, na Papa alikuwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili kama mzee. Nilimtazama nikingoja. Papa wangu alijua saa za matreni yote, alijua kituo kinachofuata kila kituo mpaka Kabalo.

"Miye sijue," Papa alisema. "Hawakuniambia. Walisema mwanaume haulize."

"Mama?"

"Na miye sijue, mwanangu. Nilikuwa nimelala ku kitanda, sina nguvu. Alilia kidogo, nikamusikia. Wakasema wanamuosha. Nilipoamuka, alikuwa ameisha kupelekwa." Alikuwa ananiambia mimi, lakini alimtazama Nkambo. "Nilikuwa nakuja kulia hapa ku bustani, sababu mu nyumba wananikataza. Alikuwa mwanamuke. Kama weye."

Ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Ndivyo nilivyojua pia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: katika nyumba ile, ukimtoa Nkambo, hakuna aliyejua. Nilikuwa nimewaza kwamba watu wazima wanayo habari yote, wameifungia mahali, na mimi peke yangu niko nje ya mlango. Kumbe walikuwa nje pamoja nami. Tulimtazama Nkambo wote watatu.

"Si desturi," Nkambo alisema.

"Nkambo," Papa alisema kwa upole, "miye sitaki kulia. Nataka kujua tu fasi yenye analala."

"Si desturi, nimesema."

Lakini alikuwa anafunga kitenge chake upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kwa safari, na bila kusema jingine akatangulia njiani. Tukamfuata. Mama alikuwa hajateremka kilima kile tangu siku alipotoka maternite. Alishika bega langu. Tulivuka reli, tukapita nyuma ya maghala, tukafika mahali ambapo udongo ni mweusi na matete yanaanza, karibu na maji. Kina mama walikuwa wanaanika ndagala kwenye mchanga, na walitusalimu kwa mbali.

Nkambo aliingia kwenye matete. Akasimama. Akaenda kushoto, akarudi. Alitazama nyuma kuelekea maternite, akapima kwa mkono, akageuka tena.

"Hapa kulikuwa matete murefu," alisema. "Nani amekata matete?"

Yalikuwa yamekatwa, nadhani kwa ajili ya paa au uzio. Na mahali pote palipokatwa mtu alikuwa amelima bustani ya kiangazi, matuta mengi, na mboga zilikuwa zimechipua bila kumwagiliwa na yeyote, maana pale maji yalikuwa yanapanda yenyewe kutoka chini. Nkambo alipita kati ya matuta. Alikanyaga kwa uangalifu, akainama, akagusa udongo. "Ni hapa," alisema. Kisha akasogea. "Hapana, ni pale. Niliweka jiwe. Niliweka jiwe mudogo, ili mimi nijue peke yangu." Alizunguka mara nyingine. Nilimwona anapungua, yule mwanamke wa sauti, anakuwa mdogo katikati ya mboga za mtu. "Sijue," alisema. "Jamani, sijue tena."

Akakaa chini, na Nkambo aliyefunga midomo yetu yote akaanza kulia. Alilia kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo, yaani sauti kubwa. Mama alikwenda kumshika ili amnyamazishe, na alipomshika akalia yeye. Papa alivua kofia yake ya reli, akakaa chini kwenye udongo, naye akalia mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa kama linaruhusiwa. Mimi nililia kwa sababu sikujua niangalie upande gani. Ardhi yote ile ilikuwa sawa, na mdogo wangu alikuwa mahali fulani ndani yake.

Wale kina mama waliacha ndagala zao, wakaja mbio wakishika vitenge, mikono bado ina magamba ya samaki.

"Ni nini? Nani amekufa?"

"Mutoto yangu," Papa alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Papa akisema kwamba alikuwa mtoto wake.

"Pole, Papa. Pole sana. Amekufa lini?"

Papa alitazama chini. Kiangazi karibu kizima kilikuwa kimepita. Aliona aibu, akamtazama Mama.

"Leo," Mama alisema.

Wale kina mama hawakuuliza tena. Walikaa chini pamoja nasi kwenye udongo ule wa maji, wakafungua vilemba vyao, na wakalia.